Cheche na Uzio wa Bembea

Dada yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima unamwita Cheche, na mtu asidhani jina hilo limetokana na kazi tu. Baba alitaka awe mwalimu. Yeye akawa anashinda kwenye karakana ya mjomba, hadi mjomba akachoka kumfukuza, akampa miwani ya kazi. Mimi nashona nguo chumba cha pili, kwa hiyo kila anayegombana naye namsikia bure.

Mwanawe, Bosi, ana miaka tisa na miguu yake haijawahi kumbeba. Jina hilo kalipata kwa kutuamrisha. Jioni tulikuwa tunamsukuma na kiti chake cha magurudumu hadi kiwanjani, akaangalie wenzake wakicheza. Kuangalia, basi. Mtu akipita anasema, "Maskini, mtoto mzuri hivi," na dada anamjibu, "Maskini ni wewe uliyekosa shughuli."

Kamati ya mtaa ilipoamua kukitengeneza upya kiwanja ili watoto wote wacheze, dada aliweka kando mageti ya wateja akashika kazi ya bembea. Alitengeneza jukwaa la chuma lenye njia ya kupandishia kiti cha magurudumu, vibanio vya kukishika kisiyumbe, na mabenchi mawili ubavuni. "Bosi hapa, wenzake pale na pale," alinichorea kwa chaki sakafuni. "Sitaki kingine. Wawe pamoja tu."

Siku ya ufunguzi tulifika tumependeza kweli, maana nguo nilishona mimi. Tukakuta bembea imezungushiwa uzio wa wavu, mrefu kuliko mimi, na mlango una kufuli. Hakuna aliyetuambia. Mwenyekiti wa kamati, mtu mpole, suti imemkaa sawasawa, akamvuta dada pembeni.

"Fundi, usikasirike. Chuma kile kizito na watoto wanakimbia ovyo. Hawa wetu wenye mahitaji maalumu tumewapa mahali pao, salama. Mzazi akija, ofisini watamfungulia."

"Na ofisi ikiwa imefungwa?"

"Basi atarudi kesho."

Dada akanyamaza. Nikajua kumekucha, maana huyu akinyamaza ujue anawaza kifaa gani akachukue. Akaondoka kuelekea karakana.

Huku nyuma wakamwingiza Bosi ndani ya uzio, wakakibana kiti chake, wapiga picha wakajipanga. Wenzake walibaki nje, vidole vimeng'ang'ania wavu.

"Haya, cheka kidogo tukusukume," mwenyekiti akamwambia.

Bosi akakunja mikono. "Nisukumwe nikiwa na nani?"

Mwenyekiti akawageukia wapiga picha.

"Basi nitoeni. Kukaa peke yangu hata nyumbani nakaa."

Iliniuma, sitaki kudanganya. Mgeni rasmi naye akaona afunike aibu kwa hotuba. Alikuwa bado anasalimia wageni wenzake dada aliporudi na grainda ya kukatia vyuma, akachomoa spika, akachomeka mashine yake. Mheshimiwa akabaki anachezesha midomo.

"Watoto, nyuma," dada akasema, akashusha miwani, akaanza kuukata uzio.

"Mama, unaharibu mali ya umma," mwenyekiti akapaza sauti.

"Umma si ndio hao mliowafungia nje? Unaogopa wataumia, nitawachorea mstari mwekundu wa kutovuka. Watoto wataelewa mstari, wewe ndiye sina hakika. Na ukitaka kuweka uzio mwingine, weka. Kukata vyuma ndiko kunakonilisha, sichoki."

Wavu ukaanguka. Watoto wakamiminika, wawili wakawahi mabenchi, na Bosi akabembea akicheka mpaka akapaliwa. Sijawahi kumsikia akicheka vile.

Kisha binti mmoja mwenye magongo akaja mbele yake. "Zamu yako imeisha. Shuka."

"Siwezi kushuka, huoni miguu yangu?"

"Mbona kupanda umeweza? Shuka, na sisi tunataka."

Bosi akaangua kilio, macho yote kwa mama yake. Wanawake wakaanza kumhimiza dada aingilie kati, mtoto anaonewa. Mimi mwenyewe nilishapiga hatua, akanishika mkono. Alikuwa amevua miwani, machozi yanamtoka, wala hayafuti.

"Muache," akaniambia. "Tangu nimzae, hakuna mtoto aliyewahi kugombea kitu na mwanangu."

Halafu akapaza sauti. "Bosi, umesikia. Shuka."