Watu Kumi na Tisa Katika Kadi ya Marehemu

Saa mbili kasorobo asubuhi, foleni mbele ya masijala mjini Tabora imeshafika barabarani. Mfaume Mabruki anafungua dirisha dogo. Hapo tu ndipo mtu anapoweza kumuulizia nduguye aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa.

Unamtajia jina. Anatoa kadi ya kaya katika kabati la kwanza, anasoma namba, kisha kwa namba hiyohiyo anatafuta kijiji katika kabati la pili. Kadi ni elfu kumi na nne. "Makabati hayaongei," anasema Mfaume, mzaliwa wa mtaa wa Ng'ambo mwenye miaka arobaini na sita. "Mimi ndiye ninayeyasemea."

Dirishani anasimama Koleta, bibi kutoka kijiji cha Lusu. Bintiye Bertila alipotelea kwenye malori ya kuhamisha watu mwaka jana, 1974. Mara mbili bibi huyu ameambiwa hayumo kwenye kadi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimerudi tena."

Leo Mfaume anauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza: siku ya malori, Bertila alilala kwa nani?

"Msibani, kwa marehemu Luhende. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa."

Mfaume anaikumbuka kaya hiyo. Orodha ya boma lile aliiandika yeye. Aliambiwa ahesabu waliolala bomani, naye akawajumlisha waombolezaji wote, watu kumi na tisa, katika kadi ya marehemu. Majina hakuandika.

"Lori lilikuwa linanguruma, nikaona tabu kuuliza mmoja mmoja," anasema. "Ni uzembe wangu, na unaniuma."

Anaitoa kadi ya Luhende, anaifuata namba mpaka kabati la pili. Kijiji kipo, upande wa Igunga. Chini yake mkono mwingine umeandika: kumi na tisa wamepokelewa, baadaye mwanamke mmoja amefariki kwa uzazi.

Anamsomea bibi kama ilivyo.

"Bertila alikuwa na mimba ya miezi minane," anasema Koleta.

"Mama, pale msibani alikuwepo mjamzito mwingine?"

"Alikuwepo. Mmoja."

Mfaume ameomba ruhusa ya siku nne. Jumatatu atafuatana na Koleta hadi kijiji hicho, na mkobani ameshatia kadi tupu kumi na tisa. Mwenzake ofisini alimkumbusha kwamba waliobaki ni kumi na wanane.

"Aliyekufa naye alikuwa na jina," Mfaume anasema. "Namwomba Mungu, jina la Bertila nitajiwe na Bertila mwenyewe."