Bango Lililonihitaji

Chekeni tu, lakini tangu nihamie Rinkeby, huku Uswidi, hakuna aliyewahi kuniambia ananihitaji. Kwa hiyo nilipoona kwenye kituo cha treni bango la mwanamke mwenye ovaroli na kitambaa kichwani, limeandikwa "Wanawake, viwanda vinawahitaji!", niliandika anwani haraka. Binti yangu akasema, "Mama, soma na yale maandishi madogo." Nikamwambia aache wivu.

Kesho yake nilitinga kwenye anwani ile na ovaroli mpya, kitambaa kichwani, vyeti mkononi, nikaipita foleni yote. Mlinzi, Mkongo, akanionea huruma.

"Mama, hapa ni makumbusho. Bango ni la Marekani, la wakati wa Vita Kuu ya Pili."

"Na kazi?"

"Vita iliisha, wanawake wakarudishwa jikoni."

Nilipogeuka, wanafunzi walikuwa wananipiga picha, wakidhani mimi ni sehemu ya maonyesho.