Vyura wa Buluu Sebuleni

Alikuwa msafishaji wa maabara ya chuo, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka. Siku mwalimu wa baiolojia alipohamia kwingine, mkuu wa idara aliamuru tangi lake la vyura liondolewe. Walikuwa wanne, kila mmoja anaenea kwenye kijiko, buluu kali wenye madoa meusi, utadhani wamepakwa rangi asubuhi ileile. Wenzao wa porini wana sumu, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuwasogelea.

"Kawamwageni huko nje," mkuu alisema.

"Nipeni mimi," msafishaji akadakia.

Nyumbani, mumewe, fundi wa majokofu, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mke wangu, tumekoseana nini hata uniletee sumu sebuleni?"

"Hawa hawana sumu. Wenzao huipata kwa wadudu wanaowala porini. Hawa wamezaliwa ndani ya kioo."

"Nani kakuambia?"

"Mwalimu alikuwa akifundisha, mimi napiga deki. Masikio ni yangu."

Akaanza kufuga na nzi wa kuwalisha, wale wadogo wasioweza kuruka, ndani ya chupa za ndizi zilizooza. Siku chupa moja ilipopinduka, nzi walisambaa mezani wakitembea kwa miguu kama abiria waliokosa nauli. Mume akawa anakula chakula chake uani juma zima.

Kisha likaja joto, na umeme ukakatika siku mbili. Vyura wakalegea. Mama wa watu alifunika tangi kwa shuka mbichi, akakaa kulipepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka mkono ukafa ganzi. Mume alimtazama, akatoka, akarudi na chupa za barafu kutoka karakana yenye jenereta.

"Usinishukuru," alisema. "Ninayemwogopea ni wewe, utaanguka."

Chura mmoja alikufa hata hivyo. Mke alimzika kwenye kopo la maua, akalia kidogo, akafuta macho na kurudi kuwanyunyizia maji watatu waliobaki.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akaita, "Baba watoto, njoo! Njoo upesi!" Chura dume alikuwa akipanda jani taratibu, mgongoni kang'ang'aniwa na kiluwiluwi mweusi.

"Kambeba mwanawe?" mume aliuliza, ameshapiga magoti.

"Anampeleka kwenye maji. Na atarudi kumchukua mwingine."

Mume hakuinuka pale mpaka magoti yakamuuma, na kazini alichelewa.

Walipofika vyura ishirini na sita, habari zikamfikia mwalimu mpya wa baiolojia. Alikuja mwenyewe, akainama mbele ya tangi, akasahau hata chai aliyowekewa.

"Mama, kumbukumbu zinasema chuoni hawakutaga hata yai moja miaka sita. Umefanyaje?"

"Kule mwanga ulikuwa mkali kama wa chumba cha upasuaji. Halafu kila mwanafunzi akipita anagonga kioo. Vyura hawa wana haya, mwalimu. Nami nilipata muda wa kuwatazama."

Mwalimu akatoa daftari. "Hapo kwenye mwanga, rudia tafadhali."

Siku hizi, kila Alhamisi saa nne, msafishaji huegemeza ufagio ukutani pale maabara, kando ya tangi la vyura aliowarudisha chuoni, na kusimama kufundisha mbele ya darasa na sare yake ya usafi. Mwanzoni sauti ilimtetemeka. Sasa wanafunzi wanaochelewa hubisha hodi kwa adabu, na anayegonga kioo hutolewa nje.