Aliyemnyima Melania Moto

Ignas aliijua katekisimu kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake. Ungemwamsha usingizini ukamwuliza Mungu ni nani, angekujibu kabla hajafumbua macho. Kigangoni kwao, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mwadui, watu walimwita Mwalimu, naye aliitika kifua mbele. Padri alipokuja kuwapima waliotaka ubatizo, hakuna aliyekwama hata neno moja. Walikariri hao, usiombe!

Kisha Marselino, mwanawe wa pekee, akafa kwa homa. Hata matanga hayajaanuliwa, Ngassa, kaka yake Ignas, akamjia na kifaranga kwapani. "Twende kwa mfumu akaangalie. Mtoto hafi hivi hivi." Na Ignas, mfa maji haachi kutapatapa, akaenda. Tena na rozari shingoni, jamani! Akatema mate mdomoni mwa kifaranga kama desturi ya Wasukuma inavyotaka. Mfumu, yule mpiga ramli, akakipasua, akayasoma matumbo, akasema aliyemroga mtoto ni: jirani, mjane, macho mekundu. Mjane jirani alikuwa mmoja tu, bibi Melania, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni mbichi. Ndiye aliyekesha na Marselino akimpangusa jasho.

Kijiji kikampa mgongo. Marufuku kumsalimu, marufuku kumpa moto, na atakayempa atatengwa naye. Wazee waliotengwa hivyo aghalabu hawakumaliza kiangazi, na kila mtu alilijua hilo.

Asubuhi Melania akaja kwa Ignas na kigae mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina, mayu," Ignas akaitikia, kama anavyomwita mama yake.

"Naomba moto. Kwingine kote wamenifukuza."

Nyuma ya Ignas, Zipora mkewe alikuwa akisonga ugali, moshi umetanda ua mzima. Ignas akasema, "Umezimika." Lo! Mtu mzima na ndevu zake! Melania akautazama moshi, akamtazama yeye, akaenda zake.

Tangu hapo Ignas hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anakaa. Sala aliianza akasahau alipofika. Alimchukia Melania, akajichukia mwenyewe, akamlilia mwanawe, yote kwa mpigo. "Ukimpa moto," Zipora alimwambia, "nikiugua mimi nani atanipa maji?"

Jumapili kigango kilifurika. Ignas akauliza kama kawaida, "Jirani yetu ni nani?" Wakaitikia kwa sauti moja tamu, "Jirani yetu ni watu wote, hata adui zetu!" Ngassa ndiye aliyepaza kuliko wote. Ignas akayapitia madawati yote kwa macho.

"Melania yumo?" akauliza.

Mtu akakohoa.

Akakifunga kitabu, akatoka katikati ya ibada. Akaenda nyumbani, akachota makaa kwenye kigae, akakatiza uwanja mbele ya kigango mchana kweupe, watu wote wamejaa mlangoni wakimtazama. "Unampelekea moto aliyekuulia mtoto?" Ngassa akamfokea. Ignas hakugeuka.

Alimkuta Melania kando ya mafiga yaliyopoa, akitafuna michembe, vile viazi vikavu, bila kuvipika. Melania hakumwamkia.

"Mwalimu, mimi nilimuua Marselino?"

Ignas akafumbua mdomo. Majibu yote ya kitabu yalimjia, na hata moja halikufaa.

"Sijui, mayu," akasema, machozi yakamtoka. "Nataka kusema hapana, na moyo unakataa. Lakini moto nimekuletea."

Melania akamsogezea kigoda.

"Basi kaa," akasema. "Matangani mlinifukuza. Mimi huyo mtoto sijamlilia bado."