Mivinje ya Mama Asia

Jumatatu, tarehe 3 Machi 1997, Semeni Mwinshehe wa Mkuyuni aliandikwa kibarua cha bustani katika makazi ya gofu yanayojengwa nje ya mji wa Morogoro, njia ya Kingolwira. Ahadi ilikuwa moja: akifanya vizuri hadi mwisho wa masika, ataajiriwa moja kwa moja.

Zamani pale palikuwa shamba la mkonge la serikali. Lilipouzwa, mkonge ukang'olewa, zikaletwa nyasi laini zinazokatwa kila asubuhi na kumwagiliwa kila jioni. Semeni, mjane anayesomesha binti yake Asia sekondari, alizizoea upesi. Alijua kuchana majani makavu bila kuumiza mizizi, na kuziba vidonda vinavyoachwa na virungu vya wachezaji kabla jua halijakausha udongo. Msimamizi, Eustace, kijana wa Bukoba aliyesomea bustani chuoni, alimtaja kila mara wengine walipozembea.

Mwezi wa Aprili alimkabidhi kazi ya peke yake: kupanda mivinje kuzunguka shimo la saba la uwanja wa gofu. Semeni akapanda. Mvua ikanyesha vizuri. Hata hivyo, ilipoingia Mei, mivinje ilianza kugeuka manjano.

"Mama Asia, miti yako ina kiu au ina njaa?" akauliza Mikidadi, dereva wa trekta la kukatia nyasi.

Eustace alichuchumaa, akachimbua mche mmoja kwa vidole. Mizizi ilikuwa imejiviringa ndani ya kiriba cheusi cha plastiki. Akachimbua wa pili, na wa tatu.

"Loo! Kumbe imevaa soksi!" Mikidadi akacheka hadi akazima trekta.

Eustace hakucheka. "Mama, wewe si mgeni wa miche. Kiriba kinachanwa. Ofisini wakiona hivi watasema umeiua makusudi, na mimi nitawajibu nini?"

Semeni alifuta mikono kwenye khanga. Kwao, alisema, ardhi ni ya ukoo wa mama. Aliyeazimwa shamba hulima mahindi, hulima maharage, akavuna akaondoka. Hapandi mwembe wala mnazi. Mti ukishika mizizi, aliyeupanda ana madai, na watoto wake wana madai. Ndugu wameacha kuzikana kwa sababu ya mnazi mmoja.

"Hapa si kwetu. Nikaona nipande, ila isishike. Mwenyewe akija, aing'oe bila ugomvi."

"Mwenyewe ni kampuni, mama."

"Nimeisikia. Sijaiona ikishika jembe."

"Kampuni haina mikono!"

"Wewe unayo, mwanangu. Si wao waliokutuma? Shika wewe kwa niaba yao, mimi nifukie."

Eustace alitazama viatu vyake, akatazama njia ya ofisini. Kisha akakunja suruali. Alichana viriba kwa kisu, akanyoosha mizizi, akasimamisha mche mmoja mmoja kwenye shimo lake, naye Semeni akashindilia udongo kwa kisigino. Mikidadi aliacha kucheka, akaenda kuleta maji.

Mingine ilikuwa imeshakufa, na miti iliyokufa haifichiki. Eustace alikwenda ofisini akaeleza jambo lilivyokuwa, bila kupunguza. Meneja alitaka Semeni aondoke siku ileile. Eustace akamwambia kwamba hatapata mwingine wa kutunza nyasi zile kama yeye, na kwamba kazi ya kupanda miti sasa wataifanya wawili.

Meneja hakukubali yote, wala hakukataa yote. Mwisho wa masika ulipofika, Semeni hakuajiriwa, na ada ya Asia ilibidi aiombe kwa kaka yake. Aliambiwa ataendelea na kibarua hadi mvua za vuli. Kama mivinje iliyobaki itakuwa bado hai wakati huo, atapewa ajira. Ikiwa imekufa, atarudi Mkuyuni kulima.