Neva Iliyokatiza Shingo

Mwanafunzi wangu wa upasuaji, daktari kijana mzaliwa wa Luvungi, alikuwa na mikono mitulivu kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Asubuhi ile nilimwachia nafasi ya daktari mkuu, mimi nikasimama mbele yake kama msaidizi. Mgonjwa alikuwa mama mkulima wa Mudaka, mwenye rovu lililokuwa limeanza kumbana pumzi.

Darasani nilikuwa nimewafundisha yeye na wenzake kwamba neva ya sauti hushuka hadi kifuani, ikazunguka mshipa mkubwa wa damu, kisha ikapanda tena mpaka kwenye kikoromeo. Ukiikata, sauti hukauka, pengine kwa maisha yote.

Upande wa kulia wa shingo aliitafuta neva hiyo mahali pake, asiione. Akatafuta tena. Alichokiona ni uzi mweupe uliokatiza shingo kuelekea nyuma ya rovu.

"Hii iko mushipa wa damu, Prof. Nifunge, nikate?"

"Nerf ya sauti umeiona?"

"Bado."

"Kama haujaiona, usifunge kitu. Fuata hiyo kamba polepole, uone inatoka wapi na inaenda wapi."

Mimi nilikuwa nimeshaitambua. Lakini nilitaka aione mwenyewe. Akaachanisha nyama taratibu. Ncha moja ya uzi iliingia kwenye kikoromeo. Nyingine ilitoka moja kwa moja kwenye neva kubwa ya shingo. Mikono yake ikasimama.

"Iko nerf, Prof," akasema kwa sauti ya chini. "Haikushuka kifuani."

"Ndiyo. Kuna watu wachache wanazaliwa hivi."

Tukamaliza kazi bila haraka. Alasiri tulikwenda wodini pamoja. Mume wa yule mama, mzee asiyeona, alikuwa ameongozwa na binti yao mpaka mlangoni, akasita hapo, asijue kitanda kiko upande gani. Mama akafumbua macho, akamwona mumewe.

"Papa, ulishakula?"

Sauti ilikuwa na mikwaruzo kidogo, lakini ilikuwa yake. Mzee akauachia mkono wa binti, akaifuata ile sauti mpaka kitandani, akapapasa bega la mkewe.

"Nitakula sasa, mama."

Mwanafunzi wangu aligeukia dirishani, akajifanya anatazama ziwa lililoonekana kwa mbali. Nikamwacha. Tulipotoka aliniuliza kama angeweza kuwafundisha wenzake somo la neva hiyo, nami nikakubali kwa furaha.

Siku ya somo nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alichora shingo ubaoni, lakini kabla ya kutaja neva yoyote aliwasimulia kwanza habari za yule mama na mumewe asiyeona.