Nakata pumzi usingizini: vifaa nilivyojaribu hapa Kibaha na shahidi niliyemkataa

Jumapili, mwezi wa tano. Manyunyu tangu alfajiri, jua limechungulia saa sita likaghairi. Niko Misugusugu, ndani.

Wakuu, salaam kwenu. Ninayoandika ni yangu mwenyewe. Nikikosea mahali ni kwa sababu nilikuwa nimelala, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Mimi elimu yangu ni darasa la saba. Naendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nabeba matofali, mihogo, na vyombo vya watu wanaohama. Ugonjwa wangu ulikuwa usingizi wa mchana. Nasinzia kwenye foleni, nasinzia kinyozi akininyoa, niliwahi kusinzia nikiwa naongea mimi mwenyewe.

Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa akisema, "Wewe hukoromi tu. Unakata pumzi." Nikamwona anakuza mambo. Mtu akikata pumzi si anakufa? Mbona mimi niko hapa nakunywa chai?

Basi siku moja mchana natoka Kisarawe na shehena ya mihogo. Nakumbuka kona. Baada ya kona sikumbuki kitu.

Nilipofumbua macho nilikuwa katikati ya shamba la muhogo, injini inanguruma, na bibi mmoja kasimama na jembe ananitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, kama una shida ya muhogo si ungeomba tu?"

Akaangalia nyuma ya gari, akaona limejaa mihogo. Akatikisa kichwa. "Na bado haikutoshi."

Mimi sikuumia wala sikumgonga mtu. Lakini mbele kidogo pale barabarani kulikuwa na watoto wanatoka shule. Nilizima injini, nikawahesabu mpaka wa mwisho alipopita.

Jioni Mama Zuhura alichukua funguo akazifunga kwenye pindo la khanga yake. "Hizi utazipata siku utakayolala kama watu."

Gari ndiyo kazi, wakuu. Bila funguo mimi ni baba wa nyumbani asiyejua hata kupika.

Nikaenda hospitali. Wakanipima shingo, wakanifunga vifaa vya kupima usingizi. Jibu: sleep apnea. Njia ya hewa kooni inajifunga ukilala, pumzi inakatika, ubongo unakushtua, unavuta hewa, inajifunga tena. Wakaniazima mashine ya kupuliza hewa yenye barakoa ya uso mzima.

Nitende haki hapa. Mashine ni nzuri. Mbovu nilikuwa mimi. Nikiivaa naona kama nimetoa kichwa dirishani gari likiwa kwenye mwendo. Kila asubuhi inakutwa sakafuni, inampulizia mende. Nikairudisha.

Daktari akasema zipo njia nyingine, lakini nifuate utaratibu na nirudi kupimwa. Mimi nikasikia "zipo njia nyingine". Mengine yakapita.

Sasa majaribio.

Nilianza na mpira wa mgongoni. Unashona mpira kwenye singlendi kwa nyuma ili usilale chali. Sikuwa na mpira mgumu, nikashona wa soksi. Ukalala bapa, nikalala juu yake kwa raha kuliko godoro. Nikabadilisha, nikaweka kifuu cha nazi. Mpaka leo alama ninayo.

Ukafuata mto mrefu wa mshazari, nikajazisha sufi mwenyewe. Usiku naupanda, asubuhi niko miguuni kwake kama mtu aliyeteleza mlimani.

Nikanunua mtandaoni kile kidude cha plastiki cha kubana puani. Zuhura akauliza kwa nini baba ana kipini.

Nikanunua na mouth guard, kinga ya meno ya kulowesha maji moto kisha unang'ata. Nikaichemsha kama yai. Ikajikunja ikawa haimtoshi hata paka.

Mwisho, kitambaa cha kufunga kidevu, kinazunguka mpaka utosini. Nikalala nacho chali, mikono kifuani. Asubuhi Mama Zuhura kaingia, kaona mtu kafungwa taya namna ile, akatoa yowe. Wakuu, anayefungwa taya hivyo kwetu mnamjua ni nani. Alinikasirikia siku nzima.

Nilitaka kujua kipi kinafanya kazi. Na mtu aliyelala hawezi kujitolea ushahidi. Mama Zuhura alishahamia chumba cha watoto, halafu nilihisi ana upande.

Nikapata akili. Nyumba tunayopanga haina silingi bodi. Kuta zinaishia chini ya bati, chumba kimoja kikipiga chafya kingine kinasema pole. Nikasema majirani ndio mahakimu. Na sitawaambia nimevaa nini, wasipendelee.

Kila asubuhi pale bombani nauliza.

Mwalimu wa chumba cha kati: "Aa, jirani, kawaida tu."

Mama Neema, mtu wa Moshi, mpole sana: "Tumelala salama, Baba Zuhura, tunamshukuru Mungu."

Halafu Maganga, fundi baiskeli, chumba kinachogusana na changu. Huyu ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu halali. "Jana umekufa vizuri. Nilishaanza kuchagua shati lako."

Watu wanacheka, ndoo zinajaa, maisha yanaendelea.

Sasa hapa ndipo haki yangu iliponiponza. Nikajiambia mtani hawezi kuwa shahidi, kazi yake ni kunizika kila siku nikiwa hai. Nikamtoa kwenye hesabu. Zikabaki kura za wastaarabu, na kwa kura zao kitambaa cha kidevu kikashinda. Nikaenda kudai funguo.

Mama Zuhura akaniuliza, "Umemuuliza Maganga?"

"Maganga mtani."

Akaendelea kupepeta mchele.

Ikafika arobaini ya baba yangu mdogo, kwetu Kisarawe. Maganga akaja nasi, maana shughuli ya msiba bila mtani haichangamki. Alizuia sufuria la pilau, akadai kiti cha marehemu, akamwambia shangazi analia kwa sauti mbaya. Kawaida.

Baada ya chakula akatandika mkeka uani. Akamvua mjomba kilemba, akajifunga kidevuni mpaka utosini, kumbe Mama Zuhura alishamsimulia. Akalala chali, mikono kifuani.

"Mnamjua huyu?"

Wote wakanigeukia. Nikacheka na mimi.

Akaanza kukoroma. Alinipatia, mpaka ule mluzi wa mwisho. Watu wakashikana mbavu.

Halafu akanyamaza. Kifua kimesimama.

Watu wakaendelea kucheka. Kimya kikaendelea. Kicheko kikapungua, kikabaki cha watoto, kisha na watoto wakaacha. Shangazi akaweka sahani chini. Nikajikuta nasema moyoni, vuta basi, vuta.

Akashtuka kwa mkoromo mmoja kama mtu aliyetolewa kisimani, akageuka ubavu, akaanza upya.

Mama Zuhura aliinuka akaenda nyuma ya jiko. Nilimfuata. Alikuwa analia.

"Ndivyo hivyo hivyo," akasema. "Mimi nakaa nahesabu."

Nikarudi kwa Maganga. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kila asubuhi nimekwambia. Pale bombani."

"Si ulikuwa unatania."

"Natania, ndiyo. Nimekudanganya lini?"

Tuliporudi Kibaha nikambana mwalimu. Akakiri kwa aibu kwamba ukimya ukizidi huwa anagonga ukuta mpaka nivute. Hakutaka kunivunjia heshima.

Nikarudi kwa daktari, nikamweleza yote na kifuu. Alicheka, kisha akaacha. Akasema kufunga mdomo wakati pua imeziba ni hatari, na kukoroma kupungua si dalili ya kupona.

Meno yakachukuliwa vipimo, nikatengenezewa kifaa cha kusogeza taya la chini mbele. Mate yanatiririka, asubuhi taya linauma. Nilipopimwa nikiwa nacho, kukata pumzi kumepungua sana ila hakujaisha. Hivyo nimerudi kwenye mashine, safari hii na barakoa ndogo ya pua. Umeme ukikatika navaa cha mdomoni. Nikapimwa tena, daktari akaridhika.

Na mpira wa mgongoni msiudharau. Daktari anasema wapo wanaokata pumzi wakilala chali tu, unawasaidia. Kilichoshindikana ni kifuu changu.

Leo asubuhi nimekuta funguo kando ya chupa ya chai. Nimezitia mfukoni, nikammiminia Mama Zuhura chai.

Nilichojifunza, kama nimejifunza: usijipime mwenyewe, kapimwe. Na ukitafuta ukweli kuhusu usingizi wako, usiwaulize wanaokuheshimu peke yao. Wenye uzoefu, hasa wa barakoa, karibuni mseme. Na wa kunicheka pia mje, nimeshazoea.

Jioni tumekula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi na samaki wa kukaanga. Maganga kaja bila kualikwa, kachukua kipande changu, anasema ni ujira wa kunifufua. Nimemwachia. Mimi nimemalizia mchuzi.